Haki ya Nembo ya Chuo Ifike Mpaka Kwenye Cherehani

Novemba 2024, jopo la wananchi walioteuliwa kuamua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kati ya Pennsylvania, nchini Marekani, lilisema kwamba kampuni ya Vintage Brand ilikiuka kwa makusudi alama za biashara za Chuo Kikuu cha Penn State. Fidia ilikuwa takribani dola 28,000. Penn State kina uwanja wa mpira wa Kimarekani unaoingiza watu zaidi ya 100,000 kwa mechi moja, na kesi hiyo ilikuwa imedumu tangu mwaka 2021. Ni wazi kwamba hakikuwa kinatafuta hizo dola. Kilikuwa kinatafuta jibu la swali ambalo mahakama za Marekani zimelizungukia kwa nusu karne: je, chuo kinamiliki nembo yake hata pale ambapo nembo hiyo ni pambo tu kifuani mwa shabiki?

Vintage Brand huuza mtandaoni. Huchukua picha za tiketi za mechi za zamani, vijitabu vya ratiba na kadi za kumbukumbu, kisha huziprinti kwenye fulana, vikombe na kofia pale mteja anapoagiza. Miongoni mwa picha hizo walikuwamo simba wa Nittany, mnyama wa nembo ya Penn State, na muhuri wa chuo wenye mwaka wa kuanzishwa kwake, 1855. Utetezi wake ulikuwa na mantiki. Picha ni za zamani, mteja anazinunua kwa sababu zinamkumbusha ujana wake au wa babu yake, na tovuti inatamka kwamba kampuni haina uhusiano na chuo. Nani amedanganywa hapo?

Nadhani hili ndilo swali la haki kabisa, na ninaowaona wakilipuuza ni wale wanaodhani kwamba kumiliki jina ni sawa na kumiliki kiwanja. Sheria ya alama za biashara ya Marekani, Lanham Act ya mwaka 1946, ilitungwa ili mnunuzi asiuziwe bidhaa ya mtu mmoja akidhani ni ya mwingine. Mwenye alama hulindwa kwa sababu mnunuzi analindwa. Ukinunua sabuni kwa jina unaloliamini, jina ndilo linalokuambia nani aliyeichemsha. Fulana ya chuo haiko hivyo. Hakuna anayenunua fulana ya Penn State kwa kuamini kwamba chuo kile kina mafundi hodari wa kushona. Ananunua jina lenyewe, na pamba ni kitu cha kulibebea.

Mahakama zimeyumba sana hapa. Mwaka 1975, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano, moja ya mahakama za rufani za kanda nchini Marekani, iliamua kesi ya timu za mpira wa magongo wa barafu dhidi ya kampuni ya Dallas Cap iliyokuwa ikitengeneza vitambaa vya kubandika vyenye nembo za timu hizo. Ilisema inatosha kwamba mnunuzi anajua nembo ni ya timu fulani. Si lazima aamini kwamba timu ndiyo iliyotengeneza kitambaa. Miaka mitano baadaye mahakama ya mzunguko wa tisa ikaelekea kinyume. Na mwaka 1983, palepale Pennsylvania, Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilishindwa mbele ya jaji wa shirikisho dhidi ya Champion Products, kampuni iliyokuwa ikiuza nguo zenye jina la Pitt tangu miaka ya 1930. Jaji aliona hakuna ushahidi kwamba wanunuzi walichanganyikiwa; walitaka nguo yenye jina la timu yao, na hawakujali nani kaitengeneza. Miaka 41 baadaye, katika jimbo lilelile, jopo likasema vingine.

Kati ya tarehe hizo mbili sheria ya Lanham haikubadilika sana kwa upande huu. Kilichobadilika ni mazoea ya watu. Vyuo vimeuza leseni nyingi mno kiasi kwamba mnunuzi wa leo anadhani kila nguo yenye nembo ya chuo ina idhini ya chuo. Jaji Matthew Brann, aliyesikiliza kesi ya Penn State, aliligusa jambo hili mwaka 2022 kwa ujasiri ambao majaji wengi hawana. Aliona kwamba hoja inajizunguka yenyewe: watu wanaamini ruhusa inahitajika kwa kuwa mahakama zimekuwa zikisema hivyo, na mahakama zinasema hivyo kwa kuwa watu wanaamini. Alikataa kuwapa Penn State ushindi wa bure na kulipeleka swali mbele ya jopo, litazame ushahidi wa kile ambacho wanunuzi wanakiamini hasa. Stacey Dogan na Mark Lemley, maprofesa wa sheria, walikuwa wameibua shaka hiyo katika makala ya mwaka 2005, na kwa miaka mingi vyuo vilijifanya haviisikii.

Mimi naiunga mkono hukumu ya jopo. Lakini siiungi mkono kwa sababu ya mapato, ambayo ndiyo sababu inayosikika zaidi vyuo vinapojitetea. Kusema kwamba mtu anapata fedha kwa kitu na mwingine hapaswi kumpunguzia, hiyo peke yake si hoja ya kisheria wala ya kimaadili. Chuo cha umma kilichojengwa kwa kodi, ambacho jina lake limekuzwa na vizazi vya wanafunzi, wachezaji na wakazi wa mji wake, hakiwezi kudai jina hilo kana kwamba bodi ya wadhamini ndiyo iliyolibuni mwaka jana. Sababu ninayoiona kuwa na uzito ni nyingine, nayo inatajwa mara chache mahakamani ingawa imo ndani ya sheria yenyewe.

Sheria ya Marekani inamtaka mwenye alama anayetoa leseni asimamie ubora wa kile kinachotengenezwa kwa jina lake. Akitoa leseni na kukaa pembeni akipokea hundi bila kuangalia, anaweza kuipoteza alama. Kwa maneno mengine, haki ya kutoza ada imefungwa na wajibu wa kusimamia. Wanasheria wa vyuo wanaujua wajibu huu vizuri. Ndio maana mikataba yao imejaa masharti ya rangi, ukubwa wa nembo na aina ya kitambaa. Swali ninalolijali ni hili: usimamizi huo unaishia wapi? Unaishia kwenye uzi, au unamfikia anayeuvuta?

Biashara hii ilianza kwa mtu wa mpira. Bill Battle, aliyecheza Alabama chini ya kocha Bear Bryant na baadaye kuifundisha Tennessee, alianzisha Collegiate Licensing Company mwaka 1981. Mteja wake wa kwanza alikuwa Bryant mwenyewe, kisha Chuo Kikuu cha Alabama. Wazo lake lilikuwa kukusanya vyuo vingi chini ya wakala mmoja, ili mwenye kiwanda cha kofia asilazimike kubisha hodi kwenye milango 50. Wakala huyo sasa yumo ndani ya kampuni ya Learfield na anawakilisha sehemu kubwa ya vyuo vyenye majina ya michezo. Utaratibu umekuwa uleule kwa misingi yake. Kampuni inaomba leseni, inaonyesha bima, inapeleka michoro ili ikubaliwe kabla ya kuprinti, inabandika lebo yenye hologramu kuonyesha kuwa bidhaa ni halali, na inalipa mrabaha kwa asilimia ya bei ya jumla, mara nyingi 10 au zaidi kidogo. Tuseme hudi inauzwa kwa jumla dola 30 na mrabaha ni asilimia 12: chuo kinapata dola 3 na senti 60 bila kununua hata kifungo. Ohio State ilitajwa mwaka 2022 kuwa inaingiza zaidi ya dola milioni 12.5 kwa mwaka kwa njia hii, na ikasema fedha hizo zinakwenda kwenye ufadhili wa wanafunzi na programu za chuo.

Kuna sharti jingine kwenye mikataba hiyo ambalo halikuletwa na mwanasheria wala wakala. Linamtaka mwenye leseni aorodheshe viwanda vyote anamoshonesha, kwa majina na anwani. Hilo waliliweka wanafunzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa Duke, Georgetown na Wisconsin waliingia ofisi za wakuu wa vyuo vyao na kukaa chini mpaka wasikilizwe. Hoja yao ilikuwa fupi. Jina lililo kwenye fulana ni letu. Basi tuna haki ya kujua limeshonwa wapi na kwa ujira gani. Kampuni zilisema orodha ya viwanda ni siri ya kibiashara. Wanafunzi wakajibu kwamba chuo ndicho mwenye alama, na mwenye alama akisema orodha itolewe, itatolewa au leseni itakufa. Wakashinda. Mwaka 2000 likaanzishwa shirika la Worker Rights Consortium, lenye kazi ya kukagua viwanda hivyo na kuzungumza na wafanyakazi nje ya geti, mbali na macho ya msimamizi.

Gharama yake ilionekana mapema. Chuo Kikuu cha Oregon kilipojiunga na shirika hilo Aprili 2000, Phil Knight, mwanzilishi wa Nike na mhitimu wa chuo hicho, alitangaza kwamba hatatoa tena mchango wake binafsi. Zilizokuwa mezani ni dola milioni 30 kwa ajili ya kupanua uwanja wa mpira. Haukupita mwaka, Oregon ikaacha kulipa ada ya uanachama. Nalitaja hili kwa sababu watu wanaposema vyuo vikuu ni taasisi huru zenye dhamira, inafaa wakumbuke pia bei ambayo dhamira hiyo iliwahi kuwekewa.

Lakini kisa ninachokirudia kila ninapofikiria nembo za vyuo ni cha Choloma, mji wa viwanda kaskazini mwa Honduras. Kampuni ya Russell Athletic, iliyo chini ya Fruit of the Loom, ilikuwa na kiwanda pale kilichoitwa Jerzees de Honduras. Wafanyakazi waliunda chama cha wafanyakazi na kuanza kudai nyongeza. Oktoba 2008 kampuni ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa, na Januari 2009 kikafungwa. Kampuni ilisema mahitaji yameshuka, na kweli ulikuwa mwaka wa msukosuko wa uchumi duniani. Wakaguzi wa Worker Rights Consortium walichunguza na kuhitimisha kwamba chama cha wafanyakazi kilikuwa sababu kubwa ya kufungwa kwake.

Katika hali ya kawaida habari ingeishia hapo. Kiwanda kimefungwa, mafundi wametawanyika, waliokuwa mstari wa mbele wamewekwa kwenye orodha ya wasioajirika mjini. Hakuna mahakama ya Honduras iliyoweza kuigusa Russell, kampuni yenye makao Kentucky, Marekani, na hakuna mahakama ya Marekani iliyokuwa na sababu ya kusikiliza fundi wa Choloma. Kilichokuwepo ni mikataba ya leseni. Wanafunzi waliizungusha ripoti ile chuo kwa chuo, wakawaleta wafanyakazi wa Honduras kuzungumza kumbi za mihadhara, na chuo kimoja baada ya kingine kikakata leseni ya Russell, mpaka vikafika takribani 100. Novemba 2009 Russell ikakubali kufungua kiwanda kipya Choloma, kuwarudisha kazini wafanyakazi wapatao 1,200, na kukitambua chama chao. Kiwanda kikaitwa Jerzees Nuevo Día, yaani siku mpya.

Sijui sheria nyingine ya biashara iliyowahi kumfikia mfanyakazi wa nchi maskini kwa njia iliyonyooka kiasi hicho. Mwaka uliofuata, Wisconsin ilikata mkataba wa Nike kwa sababu ya viwanda viwili vya Honduras vilivyofungwa bila kuwalipa mafundi kiinua mgongo chao; miezi michache baadaye Nike ikatoa takribani dola milioni 1.5 kwa ajili yao. Baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, vyuo kadhaa viliwataka wenye leseni watie saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto. VF, mwenye chapa ya mabegi ya JanSport wakati huo, alikataa, na vyuo zaidi ya kumi vikaachana na JanSport. Na katika Jamhuri ya Dominika, ndani ya kiwanda cha kofia kilichokuwa kimefungwa mwaka 2007, kampuni ya Knights Apparel ilifungua mwaka 2010 kiwanda cha Alta Gracia kilicholipa zaidi ya mara tatu ya kima cha chini cha mshahara cha nchi ile, kikiuza kwenye maduka ya vitabu ya vyuo vikuu.

Sasa rudi kwa Vintage Brand. Kama Penn State kingeshindwa, kila kampuni ingeweza kuprinti jina la chuo na kusema: si leseni, ni pambo. Mrabaha ungepotea, ndiyo. Ila zaidi ya hapo, orodha ya viwanda ingepotea, haki ya ukaguzi ingepotea, na ile nguvu iliyoirudisha kazi Choloma ingekuwa kitu cha historia. Asiye na leseni hana masharti. Kwa hiyo ninaposema jopo lilifanya sawa, ninasema kwa sharti: haki hii inastahili kwa kadiri chuo kinavyoitumia kusimamia. Chuo kinachokusanya mrabaha na kulifungia faili la viwanda kwenye kabati kimebakiza nusu dhaifu ya hoja yake, ile ya fedha.

Na vyuo vingi vimeonyesha hamu kubwa kwenye nusu hiyo. Juni 2022 Ohio State ilifanikiwa kusajili neno la Kiingereza "THE" kwa ajili ya nguo, baada ya mvutano na mbunifu wa mitindo Marc Jacobs aliyekuwa ameliomba kabla yao. Pande mbili zilielewana kuligawana. Kisheria jambo hilo lilipita. Naona halikuwa la kujivunia, kwa taasisi ya elimu kutumia mawakili kulizungushia uzio neno linalotumika katika karibu kila sentensi ya lugha yake. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilivipa Louisiana State na vyuo vingine vitatu ushindi dhidi ya Smack Apparel ya Florida, kampuni ambayo haikuandika jina la chuo wala kuweka nembo. Ilitumia rangi za timu na maneno yanayodokeza mechi zake. Zambarau na dhahabu za Louisiana State zinatumika tangu mwaka 1893, na sikatai kwamba shabiki anazitambua papo hapo. Ninachokataa ni kwamba kutambua na kudanganywa ni kitu kimoja.

Aliyenigusa zaidi ni mchoraji. Daniel Moore alianza kuchora matukio ya mechi za Alabama mwaka 1979, na kwa miaka mingi chuo kilifurahia. Mwaka 2005 chuo hichohicho kikamshtaki kwa kuonyesha jezi na rangi zake bila leseni. Utamchoraje mchezaji wa Alabama bila jezi ya Alabama? Mwaka 2012 mahakama ya rufani ilisema uhuru wa kujieleza unazilinda picha zake, na uamuzi uliofuata ukamlinda hata kwenye vikombe. Kesi hiyo ilimla miaka. Fedha na muda ambao Alabama ilitumia kumwandama mtu aliyeipenda timu yake zingetosha kupeleka mkaguzi kwenye viwanda vingi.

Kuna kundi jingine lililoachwa nje kwa muda mrefu, nalo ni wachezaji. Jezi ziliuzwa zikiwa na namba bila jina, na vyuo vilishikilia kwamba namba si mtu. Agosti 2013 mchambuzi wa michezo Jay Bilas aliingia kwenye duka la mtandaoni la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, akaandika "Manziel" kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikatokea jezi namba 2 ya Texas A&M, ya Johnny Manziel. Chama kikafunga mauzo hayo haraka. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 yanaviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, mpaka takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki iliyochelewa. Lakini fedha hizo zitatafutwa mahali, na idara ya leseni ni moja ya mahali pa kwanza kuguswa. Mwenye leseni anayeahidi kiasi kikubwa cha uhakika kwa mwaka atasikilizwa kuliko mkaguzi anayeleta ripoti mbaya juu yake. Hapo ndipo ninapoona hatari ya miaka hii.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa pande mbili. Kwanza, hudi na fulana za vyuo vya Marekani zinafika kwetu kwa marobota. Ziko Karume, ziko Gikomba, ziko Owino, nyingine bado zina lebo ya hologramu pembeni mwa mshono. Alama ya biashara inamaliza nguvu zake juu ya nguo ile baada ya kuuzwa kihalali mara ya kwanza, kwa hiyo mama mwenye meza ya mitumba hadaiwi chochote na Michigan wala Ohio State, na asitishwe na yeyote kwa hilo.

Pili, vyuo vyetu navyo vina majina yenye thamani, na vimeanza kuuza. Maduka ya vyuo yana fulana, vikombe na miavuli. Wahitimu wanataka kitu cha kuvaa. Na tumeona kwenye mpira jinsi jezi za Yanga na Simba zilivyogeuka biashara kubwa ya mikataba, huku jezi feki zikifika sokoni karibu kwa pamoja na zile halali. Vyuo vitafuata njia hiyo. Naomba visiifuate kwa kuiga nusu ya mfumo.

Kuna mambo ya kiofisi yasiyo na mjadala. Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na usajili huo hauvuki bahari: Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na anayetaka kulindwa Unguja na Pemba lazima asajili huko pia. Kenya ni KIPI. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Bidhaa zimegawanywa kwa madaraja; chuo kilichosajili jina lake kwa huduma ya elimu, daraja la 41, hakijagusa nguo, ambazo ziko daraja la 25, wala vikombe vya daraja la 21. Mwanasheria wa chuo anayesubiri mpaka fulana feki zijae mahafali ndipo afungue fomu atakuwa amechelewa.

Kisha yanakuja yale yanayohitaji uamuzi wa kweli. Fulana ya darasa ambayo wanafunzi wa mwaka wa tatu wanachangishana na kuprinti kwa kijana mwenye mashine mtaani isifuatwe na barua ya wakili. Hiyo ndiyo inayolipa jina la chuo uhai, na kijana yule ni mfanyabiashara mdogo wa mtaa uleule unaokihifadhi chuo. Pawe na kibali cha bei ndogo, kinachopatikana kwa mshauri wa wanafunzi ndani ya siku chache, na masharti yasiyozidi ukurasa mmoja. Mkazo uwekwe kwa anayezalisha maelfu.

Na huyo wa maelfu aulizwe mapema: unashona wapi? Tuna viwanda vyetu, vikiwamo vya Athi River nchini Kenya vilivyokua kwa kushonea soko la Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyozifungulia bidhaa za Afrika soko hilo bila ushuru, na tuna mafundi wengi zaidi kwenye vibanda visivyo na mkataba wala bima. Chuo kikuu chenye kitivo cha sheria, chenye walimu wa mahusiano ya kazi, chenye wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, hakina kisingizio cha kusaini leseni bila kujua anayeshona analipwa kiasi gani. Sharti la kutaja kiwanda liandikwe kwenye mkataba wa kwanza kabisa, kabla mwenye leseni hajazoea kufanya kazi bila hilo. Lifuatiwe na haki ya chuo kuingia kiwandani bila taarifa, kipengele cha kuvunja leseni iwapo mishahara inacheleweshwa au chama cha wafanyakazi kinapigwa vita, na orodha ya viwanda kuwekwa wazi ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma. Wanafunzi wa Duke walilazimika kulala ofisini kwa mkuu wa chuo ili kupata kipengele hicho kwenye mikataba iliyokuwa imekwisha sainiwa. Mikataba mingi ya kwetu bado haijaandikwa.